Ndoo ya Bati na Milango ya Mizizi

Wewe uliyekuja kumzika leo, unajua alikuwa akitafuta nini? Wengi wetu tulizoea kusema "yuko na miche yake," kisha tukageukia mengine. Familia imeona asishushwe kaburini kabla hilo halijasemwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi wa reli na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu na viganja vyake havikutakata, ndugu zake wakamwita Kutu. Jina likamganda mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na karakana hiyo, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1980. Huko mwalimu wa biolojia aliwahi kumtoa nje kwa ubishi. Mwalimu alisema maharage ya bustanini yamekuwa ya njano kwa kuwa udongo hauna chuma.

"Mwalimu, udongo wenyewe si huu unaotuharibia soksi?" Kutu akauliza. "Chuma kimejaa tele. Kwa nini mzizi haukichukui?"

Alitoka nje na swali lake, na hakulitua tena. Alilibeba hadi chuo kikuu, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1993, akaajiriwa papo hapo kufundisha na kutafiti.

Alichokitafuta ni hiki. Kwenye ngozi ya seli za mzizi kuna protini zinazofanya kazi kama milango: chuma hupitia hapo. Lakini mlango huo hauchagui sana. Hupitisha hata zinki na madini mengine. Yakizidi, seli huivuta milango ndani, imefungwa katika vifuko vidogo, mmea usije ukajilisha sumu. Wenzake walishikilia kwamba mlango ukishavutwa ndani huvunjwavunjwa, basi. Yeye alisema hapana: mingine huhifadhiwa, na hatari ikipita hurudishwa ukingoni mwa seli. Aliitia milango alama inayong'aa kijani chini ya darubini, akauzuia mzizi usiunde mipya, akausuuza madini yaliyozidi, akangoja ile ya zamani irudi. Haikurudi.

Alifunga ndoa mwaka 1988 na fundi bati. "Kazi yangu kufukuza kutu, halafu nikaenda kuioa," mumewe alikuwa akiwachekesha wageni. Zawadi yake ya harusi ilikuwa ndoo aliyoiunda kwa mikono yake, akaichovya katika zinki ing'ae. Mkewe aliipeleka maabara, ikawa ndoo ya maji safi ya kusuuzia mizizi. Msaidizi wake, tunayemwita Dada Darubini, alipoleta ya plastiki alifukuzwa nayo. "Mwenzangu, hii ndiyo ndoa yangu. Haiondoki hapa."

Mwaka 2014 aliitwa mbele ya jopo lililopima utafiti wake. "Profesa," mkuu wa idara alisema, "milango yako imeingia haijatoka. Tufunge?" Meza nzima ikacheka. Yule mbishi wa tangu utoto akainamisha kichwa, akasema, "Tufunge." Na isemwe wazi, maana baadhi yenu mpo hapa: hakuna aliyeuliza mizizi ile ilisuuzwa kwa maji gani. Kucheka kulikuwa rahisi zaidi. Wanafunzi wake wakahamishiwa kwa wengine, naye akafundisha darasa la mwaka wa kwanza mpaka alipostaafu mwaka 2021 na kurudi nyumbani na ndoo yake.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Siku moja mumewe alikuwa akimwosha miguu kwenye ndoo ile, naye akaitazama kwa muda mrefu.

"Baba watoto, ule weupe wa ndani umekwenda wapi?"

"Umelika, mama. Maji ya miaka yote hiyo."

Aliinama akapitisha kidole kwenye bati. Kisha akasema, "Haujalika. Umeingia kwenye mizizi yangu." Zinki ilikuwa ikivuja kidogo kidogo ndani ya maji aliyoyaamini. Mizizi haikuwahi kuona hatari ikipita, na milango haikuthubutu kurudi. "Kosa langu mwenyewe," alisema. "Na nikakubali kufunga."

Alimtuma kitinda mimba wake kwa Dada Darubini, aliyebaki maabara: arudie kila kitu, kwa beseni la plastiki. Tangu hapo kila aliyeingia chumbani aliulizwa, "Miche imefikia wapi?" Haikuwahi kufikia. Alifariki jioni ya tarehe 2 Juni 2023, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na Dada Darubini, ambaye familia inamhesabu kuwa mtoto.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, kitinda mimba wake aliitwa maabara kwa simu. Alimkuta baba yake amefika kabla yake, amevua kofia, jicho lake kwenye darubini.

"Naona kama pete," mzee alisema. "Pete za kijani, nyingi."

"Ndiyo milango yenyewe, baba," Dada Darubini alijibu. "Imerudi ukingoni."

Mzee alitazama tena, kisha akainua kichwa. Alisogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake, akasema polepole, "Haya, Kutu. Njoo uone, kisha ulale."