Chupa ya Jamaludin wa Likoni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo twamkumbuka Jamaludin Aidarus wa Likoni, mtu asiyejua kutulia. Tumemzika juzi, na tangu juzi mimi mwenyewe sikaliki.

Jamaludin alikuwa fundi wa maabara ya mifugo. Kazi yake ilikuwa minyoo ya ng'ombe. Lakini mwaka wa arobaini na sita alimpasua kenge aliyenaswa bandani mwa kuku wa mamake, Bi Zubeida. Utumboni akakuta minyoo asiyoijua. Majike tele, dume mmoja tu. Na kwa minyoo hii, wasikilizaji, dume ndiye shahidi: mkia wake ndio uonyeshao kama ni aina mpya. Narudia, dume mmoja tu. Mkia ule haukuwamo katika kitabu chochote alichokuwa nacho.

Akamtia chupani, ndani ya spiriti, akamweka kabatini kwa mamake. Hapo alikosea. Bi Zubeida, mtu wa sala tano, akanusa kabati lake.

"Jamaludin! Wanwa ulevi nyumbani mwangu?"

"La, mama! Wallahi ni ya kuhifadhia mnyoo. I wapi chupa?"

"Nimeimwaga chooni."

Mkewe, Bi Kuluthum, atwambia: "Siku ile hakula. Alizunguka ua hata kuku wakachoka."

Akahangaika mikokoni Mtongwe, miaka, akitega na kupasua. Minyoo ni majike matupu! "Una sikio la kenge," mamake alimwambia, "husikii mpaka damu." Lakini ni mama huyo huyo aliyeanza kuacha mayai uani makusudi, mpaka mwaka huu kenge akanasa tena. Ndani yake madume wawili, mkia ule ule. Jamaludin alicheka, kisha akalia. Mmoja akampeleka Ulaya kwa wataalamu wathibitishe. Kabla ya jibu kuja, homa ikamwahi.

Jana nilikwenda kuhani. Nilimkuta Bi Zubeida amesimama mbele ya kabati, na chupa ya dume wa pili mkononi. Spiriti hupungua, wasikilizaji, na isipoongezwa mnyoo hukauka. Bibi yule alikuwa ameagiza spiriti dukani, kwa jina lake mwenyewe.

"Watu na waseme," akaniambia, akimimina. "Hii naijaza mpaka jibu lije."

Bi Zubeida, Bi Kuluthum na jamaa wote, Mola awape subira. Nasi tulio hai, kabla ya kumwaga cha mtu, tumuulize. Tumuulize angalipo.