Mlango wa Kuendea Baharini

"Eda ikisha utapumulia wapi, dada?" jirani yake Nyamvula alimuuliza Bi Ruwaida mwaka juzi. Alijibu bila kufikiri: kule ufuoni Shelly, nyuma ya mivinje, wanawake wa mtaa wa Timbwani wanakooga kila Alhamisi alasiri na nguo zao mwilini, wawili wakishika leso kuwasitiri wenzao.

Leo, kwenye benchi la feri, kijana mmoja alikunjua karatasi kubwa magotini, na muuza viazi karai aliyeketi kati yake na Ruwaida hakuona haya kuchungulia.

"Wajenga nini, mwanangu?"

"Nachora klabu, mama. Mtu wa mjini aje asahau honi na foleni. Hapa bwawa, hapa bustani, na hapa, ndani ya ukuta, wanawake peke yao, hawaonwi na mtu."

"Hapo si nyuma ya mivinje?"

"Ndipo. Pametulia ajabu!"

"Pametulia kwa kuwa wanaume wetu wana adabu, Alhamisi hawapiti. Asiye mwanachama ataogea wapi?"

"Bahari ni kubwa, mama."

"Kubwa, naam. Kwengine kote kuna wavuvi, na wageni na simu zao."

Ruwaida alinong'ona istighfari. Bustani ile, wallahi, ilikuwa nzuri, naye aliitamani.

Kijana alikuna kichwa, akamgeukia Ruwaida, kalamu mkononi. "Basi ukutani niwatilie mlango wa kuendea baharini. Wewe mama, wautaka upande gani?"

Feri iligusa Likoni. Ruwaida alijiona amesimama nje ya ukuta na leso yake, akipiga hodi afunguliwe bahari. Aliinuka, akashuka.