Historia ya Papa Apollinaire Mugisho, Pamoja na Mwaka wa 2000

Mapadri wetu, wazazi, majirani wa Kadutu, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Eulalie, mdogo wa marehemu Papa Apollinaire, wa kumfuata. Maman Godelive, kiongozi wa shirika letu la sala, alikuja jana kutuambia kwamba vijana wa shirika watabeba jeneza hadi makaburini, mradi tu mwaka wa 2000 usisomwe katika historia yake, na wazee wa familia wakakubali.

Papa Apollinaire alizaliwa Kalehe tarehe 3 Aprili 1949, mtoto wa kwanza wa mzee Zagabe, akasoma shule ya msingi hukohuko, akaja Bukavu kwa sekondari, akapata diploma ya uuguzi mwaka 1972, akaanza kazi katika maternité moja, hospitali ya wazazi, hapa Kadutu, akapanda cheo mpaka kuwa msimamizi wake. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na maman Constance, Mungu akawapa watoto wanne, Destin, Rosette, Olive na Carmel, na wote aliwaogesha kwa mikono yake mwenyewe, jambo lililowachekesha sana wakwe zake.

Vita ya pili ilipofika Agosti 1998 na waasi wakashika mji, umaskini ulizidi, na pale kazini kulikuwa na chumba cha wamama waliokwisha kujifungua, wakazuiliwa humo na vichanga vyao kwa kukosa malipo, wengine mpaka mtoto anaota meno. Chumba kile kilimnyima kaka raha. Akaanza kupanda na kushuka kwenye ofisi za wakubwa wa waasi kule Muhumba, akiomba amri ya kuwafungulia, pamoja na mfuko wa michango wa kuwatibu wote. Mji ulikataa, watu wakasema michango hiyo italisha askari, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Alibishana na wakubwa muda mrefu, mwishowe wakakubali mfuko ukae mikononi mwa parokia, wao wasiuguse, lakini kwa sharti moja, kwamba asaini makubaliano hayo mbele ya redio yao tarehe 14 Februari 2000, siku ya ville morte, mji mzima umefunga milango kuwapinga wao.

Alikubali. Alishuka kwa miguu, barabara tupu, ninyi mkimtazama kupitia madirishani, na kosa lake, nalisema wazi, ni kwamba hakuja kwanza kulieleza shirika, alidhani mtaelewa wenyewe. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakungoja, akanijibu, "Eulalie, mama mwenye iko anazala hawezi kungojea vita iishe."

Wiki ileile chumba kilifunguliwa. Tangu hapo mlimhesabu mtu wa waasi, hakuna aliyekuja kusali kwake, hata kilio cha mama yetu tulikikalia peke yetu, huku binti zenu wakijifungua kwa mfuko uleule, wakirudi nyumbani na watoto wao bila kuzuiliwa na mtu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2001, likaharibu figo, akafariki hospitalini Jumapili tarehe 11 Mei 2003, saa nne asubuhi, maman Constance akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake ambao hawakumwacha, majirani mlioleta maji na makala ya kupikia, na maman Godelive aliyetaka tuzikane kwa utulivu. Mapatano yenu nimeyavunja mimi, wazee hawana kosa. Kijana anayetaka kurudi nyumbani arudi, hatutamwekea kinyongo. Najua kwetu mwanamke habebi jeneza, lakini nimemaliza kusoma, nakwenda kushika upande wa kichwa.

Kaka, wewe pumzika, kuhangaika tuachie sisi.