Muzizi ya Papa Lucien

Benchi ni yangu, birika ni yangu, kahawa ni yangu, mais makelele ni ya bale banaume. Miye Mado, nauzisha kahawa pa hii kona ya Makomeno tangu mbele Katanga haijajiita inchi na kutia bendera yake ku posta, na sijaona hata asubui moja bakanyamaza. Kuko Chomba, tunamwita Tribunal, juu anafagia ku tribunal na anasema sawa vile ni yeye juge. Kuko Nkandu, ni Radio, hana radio. Kuko Gérard, mwashi ya Kasai, ni Béton. Wakati bandugu yake balifukuzwa, bakakimbilia ku kambi na mizigo ku kichwa, yeye alibakia, juu kila jirani alimwambia: mbele ya kwenda, maliza kwanza ukuta yangu. Ile siku bote batatu beko banaangalia ng'ambo ya barabara, ku garaji ya Papa Lucien Kabwe, na mwenyewe amesimama karibu yabo.

Mambo ilikuwa hivi. Papa Lucien alipata nyumba ya mukubwa yake ya kazi, muzungu, wakati ule muzungu alikimbia Rhodésie. Mu garaji alipata na motokari, ya mweusi, mukubwa sawa nyumba. Mais ile jakaranda ya barabara ilipitisha muzizi chini ya betoni, ikainua betoni mbele ya garaji, na milango ya garaji inafungukaka inje. Inagonga betoni, inasimama. Na kesho, samedi, siku ya posho, mutoto yake Honorine anaolewa. Papa Lucien mwenyewe alisimama mbele ya bakwe ya Ruashi akasema: mutoto yangu atatoka hapa na motokari.

— Hii ni kazi kidogo, — Béton anasema. — Tunavunja betoni, tunakata muzizi, tunamwanga ciment mupya. Inakwisha.

— Ukikata muzizi, muti unakufa! — Papa Lucien anaruka. — Muti ikikufa inaanguka ku nyumba. Nyumba ikianguka, harusi iko wapi?

— Itaanguka leo leo?

— Muti haina saa!

— Ngojeni, — Tribunal anatia kikombe chini. — Muti iko wapi? Ku barabara. Barabara ni ya nani? Ya État. Donc muzizi ni ya État, na iliingia mu parcelle ya mutu bila laissez-passer. Tuiite ku tribunal.

— Muzizi?

— Na bashahidi yake.

— Ya État gani? — Radio anauliza. — Ule muti balipanda Babelge.

— Alors tuulize kwanza kama muzizi iko Katangais ao iko mugeni.

— Iliingia mbele ya indépendance, — Papa Lucien anasema mbio mbio. — Iko mwenyeji kabisa. Muiache.

Nilicheka paka kahawa ikamwangika ku kikwembe yangu.

— Weye unacheka, Mama Mado, mais ile haiko hata muzizi, — Radio anashusha sauti. — Minasikia kuko basoda benye kuchimba njia chini ya udongo toka Luano, ku kiwanja ya ndege. Balipotea. Sasa beko hapa chini, banainua betoni na kichwa.

Béton anavuka barabara, anapiga magoti, anagonga betoni na nyundo.

— Odi! Odi humo ndani!

— Banajibu?

— Banalala.

— Bon, — Tribunal anasimama sasa, mikono juu. — Tuache chini, tupite juu. Tunatoa mabati ya garaji, tunaleta grue ya ku mine, inanyakula motokari, inaipitisha juu ya muti, inaiweka mbele ya kanisa, tii!

— Ndjo vile! — Papa Lucien anapiga makofi. — Tuombe grue. Batajibu kiisha miezi kidogo.

— Papa!

Ni Honorine. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, na macho iko na machozi.

— Harusi ni kesho, papa. Unajua bamama ya Ruashi balisema nini? Balisema, tutaona kama bantu ya Makomeno beko na motokari ao beko paka na garaji. Nikitoka na miguu, batanicheka paka nitazeeka mu nyumba yabo. Unasikia? Paka nitazeeka!

Hakungoja jibu. Alikamata pioche ya Béton, akapiga betoni. Haya ikakamata banaume, bakaruka bote.

— Usiguse muzizi! — Béton anapiga kelele. — Tunavunja paka kipande yenye kuinuka. Kiisha mchanga huku na huku, matofali juu. Magurudumu itapanda, itashuka. Muti itabakia muzima.

— Mais kama... — Papa Lucien anaanza.

— Kama nini, papa?

— Apana kitu.

Saa sita ya muchana milango ikafunguka. Yooo! Motokari ikaonekana, na vumbi yake yote. Radio akaipigia saluti. Miye nilicheza na birika ku kichwa, sisemi buongo. Papa Lucien peke yake alikuya kukaa ku benchi, jasho inatoka, na mikono yake haikubeba hata tofali moja.

Pale ndjo Kunda akafika toka Ruashi, kaka mukubwa ya bwana-harusi, na veste, na heshima yote. Akapiga makofi polepole mbele ya Papa Lucien.

— Papa, bamama banituma. Banauliza kitu kimoja tu. Nani ataendesha?

Tribunal akaangalia Béton. Béton akaangalia Radio. Kiisha bote batatu bakageukia Papa Lucien, na miye pia. Mwaka muzima kila asubui alikuwa anapita hapa na velo, anatuonyesha betoni na kidole: «Munaona? Muzizi!»

Papa Lucien alikohoa.

— Ilikuwa muzizi muzuri sana, — akasema.

— Papa, — Honorine akauliza polepole, — haujue kuendesha?

— Nilisikia haya, mutoto yangu. Mutu mukubwa, na nyumba kama ile... Mais siku ya mungu, kiisha misa, nafungaka mulango ya kidogo ya garaji, nakaa mu motokari peke yangu, nazungusha volan. Kushoto, kuume. Ile najua.

Hakuna mwenye alicheka. Honorine alikaa karibu yake, akapangusa jasho yake na kitambaa. Kunda akavua veste.

— Ku Ruashi tuko bandugu saba, — akasema. — Tutasukuma.

— Miye pa nyuma kushoto, — Béton akasema.

— Na bamama bakiuliza juu ya nini moteur hailie? — Radio anauliza.

— Utabaambia ni modèle ya mupya, — Tribunal akamujibu.

Siku ya posho bote ya avenue balitoka inje. Motokari ilipanda matofali, ikashuka, ikapita mbele ya bamama ya Ruashi na banaume kumi banasukuma nyuma yake, na Honorine ndani anacheka paka voile ikaanguka. Mbele, Papa Lucien, shingo imenyooka, mikono yote mbili ku volan, alizungusha kona ya kanisa bila kugusa hata majani.