Kofia Iliyoshonwa Kando ya Kisima

Wasikilizaji wapendwa, sabalkheri. Aliye na chungu jikoni apunguze moto, na aliyeiweka redio mbali aisogeze. Leo tunamkumbuka Bi Mwanaesha, mshona kofia wa mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, hapa Mombasa. Alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, wanawe wakiwa kitandani pake. Akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Bi Mwanaesha hakuwa na makuu. Alishona kofia za vito, zile za matundu madogo, kila tundu limezungushiwa uzi kwa sindano. Alizaa, akalea, akamzika mume. Lakini lipo jambo alilolifanya miaka ya arubaini, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ndilo lililotuleta na jina lake hapa studioni. Alimwambia somo yake ukweli. Msije mkasema, basi, ni hilo tu? Ngojeni kwanza.

Kwa msikilizaji asiyelelewa pwani, niseme somo ni nani. Somo ni yule mama anayemfunda mwari kabla ya kuolewa. Anamfundisha kukaa na mume, kukaa na watu, kukaa na nafsi yake. Humjibu somo. Humkosoi. Akikwambia chumvi ni tamu, wewe unameza na kusema alhamdulillahi. Na somo ya Mwanaesha alikuwa Bi Tumu.

Bi Tumu alikuwa na nyumba pale pale Kuze, nyumba ya mawe yenye ua mpana na kisima katikati ya ua. Vita vilipoingia, chakula kikawa cha foleni. Mchele foleni, sukari foleni, mafuta ya taa foleni. Wanaume walikuwa Kilindini bandarini, mchana wengine, usiku wengine. Sasa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi, atasimamaje juani tangu asubuhi? Bi Tumu akasema, nileteeni. Nami nitawaangalia.

Basi akina mama wakampelekea. Waislamu wa Kuze na Kibokoni, na hata Wakristo. Alikuwapo Loise, mke wa karani mmoja aliyetoka Rabai, akipanga chumba jirani. Naye alimpeleka binti yake. Nyumba ile ikaitwa Kwa Watoto.

Na ilikuwa nyumba ya kusifiwa. Mtoto alikunywa uji, akalala kidogo, akaamka. Alasiri Bi Tumu aliwaogesha mmoja mmoja, akawapaka mafuta ya nazi, kisha akawatia wanja. Wanja wa Bi Tumu ulijulikana mtaani. Mwembamba, umenyooka, jicho la mtoto likang'aa. Mama akija kumchukua mwanawe alimkuta ananukia, na macho yake yamepambwa kana kwamba kesho ni Idi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwanzo. Wasikilizaji wapendwa, haikubaki hivyo.

Ulipofika mwaka wa arubaini na nne, mambo yalianza kulegea. Kwanza ilikuwa wanja. Watoto walirudi na wanja shavuni, mwingine kwenye nyusi. Akina mama wakacheka. Kisha mtoto mmoja akarudi na sabuni imekauka masikioni. Kisha uji ukawa na vijiwe. Kisha binti wa Loise akarudi nyumbani na kanzu ya mtoto wa kiume.

Mama Loise yuko hai, anakaa Mwembe Tayari, na alituambia kwa kinywa chake: "Mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili sikucheka. Nilisema moyoni, huyu mama amechoka, ama ameingiwa na tamaa, anapokea watoto wengi kuliko mikono yake. Lakini ningemwambia nani? Mimi mgeni."

Na waliokuwa wenyeji? Nao hawakusema. Walisemezana foleni, walisemezana dirishani, lakini mbele ya Bi Tumu kila mmoja alikuwa sukari. Mtu akiona hali imezidi, alimtoa mtoto kwa kisingizio. Mmoja alisema mwanawe ana kikohozi. Mwingine alisema shangazi amekuja kutoka Takaungu, atakaa na mtoto. Mwingine naye, shangazi kutoka Takaungu. Mwaka ule, ukiwasikiliza mama wa Kuze, ungedhani Takaungu yote imehamia Mombasa! Wakatoka mmoja mmoja, kwa adabu, na asali mdomoni. Bi Tumu akabaki na watoto wachache na swali ambalo hakuna aliyemjibu.

Mwanaesha naye alikuwa na mtoto pale. Jamaldin, miaka mitatu, mtundu. Naye alikuwa ameona wanja, ameona sabuni, ameuona uji. Akanyamaza. Yule alikuwa somo yake, jamani.

Siku moja foleni iliisha mapema. Mchele ulikwisha kabla zamu yake haijafika, watu wakatawanyika wakinung'unika. Mwanaesha akapita Kwa Watoto kumchukua mwanawe. Hakubisha, mlango ulikuwa wazi. Akaingia hadi uani.

Kifuniko cha kisima kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Jamaldin alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima, miguu ndani, anachezea kamba ya ndoo. Na Bi Tumu alikuwa amekaa kwenye ngazi, mbele yake kabisa, uso umemwelekea. Anatabasamu. Anasema, "Tulieni hivyo hivyo, wanangu. Mukitulia nitawapa tende."

Mwanaesha hakupiga kelele. Alivua viatu. Alikwenda polepole, asimshtue mtoto, akamzoa kwapani, akamvuta nyuma. Mtoto akalia. Bi Tumu akainuka, akanyoosha mkono, akampapasa kichwa mtoto mwingine aliyekuwa karibu, akamwambia, "Jamaldin, walia nini?"

Hapo ndipo Mwanaesha alipofahamu. Bi Tumu hakuwa mvivu. Hakuwa na tamaa. Bi Tumu alikuwa haoni.

Binti wa marehemu, Bi Mejumaa, anasema mama yake aliisimulia siku ile mara nyingi. "Alikuwa akisema hata viatu alivisahau. Akakaa chini pale pale kwenye maji, na mtoto mapajani. Bi Tumu alidhani ni mama mwingine, akamkaribisha kahawa."

Usiku alimweleza mumewe, Taib, aliyekuwa kuli bandarini. Taib alikuwa mtu mpole, wa kupenda amani. Akamwambia, "Mtowe mwana, useme yuwaumwa. Usimvundie heshima somo yako."

Mwanaesha akamjibu, "Nami niseme shangazi amekuya kutoka Takaungu?"

Kisha akaongeza, "Nikimtoa wangu, wabaki wa wenzangu. Na yule mama abaki na kisima."

Asubuhi alifanya kama inavyopasa. Alivaa buibui safi, akamshika Jamaldin mkono. Alichukua udi na leso mpya, maana kwa somo huendi mikono mitupu na neno zito mdomoni. Alimbusu mkono. Akasema, "Somo, nakuomba radhi kabla sijasema."

"Radhi unayo, mwanangu. Sema."

"Mato yako hayaoni."

Bi Tumu aliuvuta mkono wake. "Ni nani aliyekwambia maneno hayo?"

"Hapana aliyeniambia. Jana Jamaldin alikuwa amekaa mdomoni mwa kisima, miguu ndani, nawe wamtazama. Wamtekea, watabasamu."

Bi Tumu akasema, na sauti yake ikiwa baridi, "Nimekufunda mimi. Nimekutoa kwenu kwa mkono wangu. Leo waniita kipofu nyumbani mwangu? Mtwae mwanao, utoke."

Wasikilizaji wapendwa, pwani hakuna jambo zito kama somo kukufukuza. Ni kama kufukuzwa na mzazi. Mwanaesha alitoka akilia njia nzima, na buibui limelowa. Lakini Jamaldin hakumtwaa. Alimwacha kule, kisima amekifunika, akaenda nyumbani mbio, akachukua kikapu chake cha kofia, sindano na uzi. Akarudi. Akaketi uani kando ya kisima, akaanza kushona.

Bi Tumu alisikia uzi ukivutwa. "Ni nani hapo?"

"Ni mimi, somo."

"Nimekwambia utoke."

"Naam, somo. Nikimaliza kofia."

Na kofia ya vito, kama mnavyojua, haiishi leo wala kesho.

Akaja kesho yake. Akaja na siku ya tatu. Akaacha foleni, Taib ndiye akawa anasimama akitoka zamu ya usiku, macho mekundu. Bi Tumu hakumsemesha. Kahawa alimimina kwa wote wanaoingia, Mwanaesha alirukwa. Mwanaesha alishona. Mtoto akikaribia kisima, alimrudisha. Ili uji usiwe na vijiwe, aliupembua mtama kabla haujapikwa, bila kutangaza. Mtoto akivalishwa nguo isiyo yake, alimbadilisha kimya kimya mlangoni. Mkono mmoja kwenye sindano, macho mawili kwa watoto. Na kofia ile, wacha niseme, ilikuwa ikiharibika vibaya! Matundu yalipanda, yakashuka, mengine yakagongana. Alikuwa mshonaji mzuri. Lakini hakuwa akiitazama kazi yake.

Wiki zilipita hivyo. Mwanaesha alikonda. Bi Mejumaa anasema mama yake alikiri wazi kuwa aliumia. "Alisema kunyimwa kahawa na somo yake kulimuuma kuliko uzazi."

Kisha ikafika alasiri moja. Watoto wamekwisha kuoga. Bi Tumu ameketi na kichupa cha wanja, mtoto mbele yake, kijiti mkononi. Akakileta kijiti usoni mwa mtoto. Mtoto akakwepa, akalia, kilikuwa kimemgusa ndani ya jicho. Bi Tumu akakishusha. Akakaa nacho.

Akaita, "Mwanaesha."

"Labeka, somo."

"Ndoo hapa kwangu. Huyu mtie wewe."

Akamkabidhi kijiti. Mwanaesha akamtia mtoto yule wanja, na wa pili, na wote. Mistari ilinyooka. Alipomaliza, alikuta kikombe cha kahawa pembeni yake. Kimejaa hadi kimemwagika sahanini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kwa idhini ya Bi Tumu mwenyewe, Mwanaesha alizunguka nyumba kwa nyumba akawaambia akina mama ukweli. Wengi waliinamisha vichwa. Mashangazi wa Takaungu wote wakarudi kwao siku moja! Akina mama wakapanga zamu: kila asubuhi mmoja wao anakaa na Bi Tumu, wenzake wanamshikia nafasi foleni. Loise ndiye aliyeanza. Taib na wenzake wakatengeneza kifuniko kipya cha kisima, kizito, chenye komeo. Bi Tumu akabaki pale pale, mwenye nyumba, mwenye kuimba, mwenye kubembeleza. Kwa kubembeleza hakuhitaji macho. Nyumba ya Kwa Watoto iliendelea hadi vita vikaisha, na hata baada ya vita. Hakuna mtoto aliyepotea pale.

Bi Tumu alifariki mwaka wa arubaini na tisa. Siku zake za mwisho Mwanaesha ndiye aliyemlisha. Siku moja Bi Tumu aliukamata mkono wake, akamwambia maneno ambayo Bi Mwanaesha aliwaambia wanawe tu, na binti yake ametupa ruhusa tuyaseme hewani. Alimwambia, "Wenzako wote walinistahi. Wewe ulinipenda."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studioni, tunatoa mkono wa rambirambi kwa Bi Mejumaa, kwa Bwana Jamaldin, kwa wajukuu, na kwa jamaa wote wa Kuze. Mungu awape subira, na marehemu ampe nafasi njema. Nasi tuliobaki tujiulize. Yuko mtu tunayemkimbia kwa adabu? Tumemwambia mangapi ya shangazi wa Takaungu, na yeye amekaa peke yake uani, hajui kwa nini watu wamepungua? Twendeni kwake. Tuombe radhi kwanza, kisha tuseme. Na tukishasema, tusiondoke.

Nimalizie na ile kofia. Mteja aliyeiagiza aliikataa. Taib akaivaa yeye, miaka yote, hadi msikitini, na aliyemcheka alijibiwa kwamba ni kofia ghali kuliko zote Mombasa. Alipofariki ikawekwa kashani. Jumanne iliyopita, jeneza lilipotoka Kuze, Jamaldin alikuwa mbele, mzee sasa, amelishika, na kichwani amevaa kofia ya zamani ya rangi ya maziwa, matundu yake yamepanda na kushuka. Kijana mmoja alimnong'oneza, "Mzee, kofia imeshonwa vibaya hiyo." Jamaldin akamwambia, "Najua. Alikuwa akinitazama mimi."