Kumuaga Mzee Othmani, Aliyeuliza Kabla ya Kusoma Damu

Mheshimiwa Msimamizi wa tarafa. Daktari mkuu wa kituo chetu. Waheshimiwa viongozi wa dini, mapadri na mashehe mlioketi safu moja leo. Wauguzi na wafanyakazi wa maabara. Mzee Othmani pamoja na mama yetu Mwajuma, ambaye kwa miaka thelathini na moja amemgojea mumewe na chakula kikipoa. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Bugendana, Ryansoro na Bukirasazi, wengine kwa miguu. Na ninyi wagonjwa wenzangu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Jeska. Nililelewa Tanzania, nikarudi nyumbani Burundi nikiwa mtu mzima, na sasa nalima maharage na mihogo Muyinga pamoja na mume wangu Leonardi, yule pale aliyevaa koti la harusi yetu. Nina ugonjwa wa lupus. Kwa wasioujua, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kumlinda mtu, inamgeukia mwenyewe. Hulala, huamka. Ukilala, nalima kama ninyi. Ukiamka, vidole havishiki jembe, mdomo unajaa vidonda, na figo zinaweza kuharibika bila kupiga kelele.

Sasa, daktari atajuaje kama umelala au umeamka? Huuliza damu, na mkojo pia. Vipimo ni vingi, vingine hupelekwa mbali, lakini kimoja hufanyika hapa hapa maabara, kwa Mzee Othmani, nacho tunakiita VS. Damu inatiwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, inaachwa saa moja, kisha wanatazama chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Zikishuka mbio, mwilini huenda kuna moto. Zikishuka polepole, huenda moto umepoa. Kwa nambari hiyo pamoja na nyingine, daktari anaongeza vidonge au anapunguza.

Miaka mitatu iliyopita, nambari yangu ilikuwa nzuri mno. Kumi na nane. Mwezi uliofuata, kumi na sita. Daktari alifurahi, akapunguza vidonge. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa nashindwa kuvaa viatu kwa jinsi miguu ilivyovimba.

Mnajua mtu anavyoonekana akisema anaumwa na karatasi inasema mzima? Majirani walicheka pembeni. Leonardi hakucheka, lakini jioni moja aliniuliza kwa upole kama labda nimechoka tu na jembe. Ameniruhusu niwaambie haya. Nililia siku ile kuliko siku ya kuambiwa nina lupus, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuiamini karatasi.

Mwezi wa tatu wa majibu hayo, badala ya kutuma damu peke yake, nilikuja hapa Gitega mwenyewe kumwona daktari. Nilikuwa nimeshika ukuta wa korido, nikivuta pumzi, alipopita mzee mmoja wa koti jeupe. Hakuniuliza jina wala kadi. Akasema, "Mama, unajisikiaje?"

Nikamwambia yote, hata mkojo unaotoa povu. Akaenda kuleta daftari lake kubwa, akatafuta jina langu, akatazama nambari, akanitazama mimi.

"Iko kitu hapa haiendi," akasema. "We uko unaanguka, na mi niliandika kumi na sita. Bon, kaa."

Akanitoa damu papo hapo, akaisimamisha, tukakaa wawili mbele ya mrija ule saa nzima kama watu wanaochunga maziwa yasimwagike. Ilipotimia akasoma. Tisini na nne. Akasoma tena. Akapima na mkojo, ukawa umejaa protini. Kabla hajaenda kwa daktari akaniuliza swali la pili: "Damu yako ya Muyinga, inafikaga hapa namna gani?"

Hapo ndipo ninapoomba dada Hidaya asimame kidogo. Asante, dada. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge, wa Muyinga mjini. Kila Alhamisi alikuwa akituletea vichupa vyetu vya damu Gitega, bure, kwa moyo wake tu. Alhamisi iliyofuata, Mzee Othmani alipanda gari pamoja naye kutoka Muyinga, ili afuatane na vichupa hatua kwa hatua. Damu ilitolewa saa moja asubuhi. Hidaya akavifunga vichupa kwenye kitenge, mikunjo mitatu, akavilaza kapuni ubavuni mwa chupa ya chai ya moto.

"Mi nilikuwa nadhani damu ya mtu ikipata baridi inakufa," alieleza baadaye. "Nikaifunika vizuri."

Walifika Gitega saa nne. Je, walikwenda maabara? Hapana. Walikwenda kwa Nadia, wifi yake Hidaya, kwa sababu mtu hawezi kuingia mji wa wifi yake akapita moja kwa moja na shughuli zake. Wakasalimiana. Wakaulizana habari za watoto, mmoja mmoja. Ikaja chai, ikaja wali, ikaja sala ya adhuhuri. Na Mzee Othmani, aliyekuja kupeleleza, ni mtu wa adabu kama mnavyomjua. Alishindwa kuwaharakisha, akanywa vikombe viwili huku akilitazama kapu. Damu ilifika maabara saa tisa.

Saa nane nzima kwenye joto. Damu ikikaa hivyo huzembea, ikisimamishwa hushuka polepole kuliko haki yake. Ndiyo maana sisi wa Muyinga tulikuwa wazima sana kwenye karatasi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo namsifu. Walikuwapo waliomshauri anyamaze, abadilishe utaratibu kimya kimya, nani angejua? Mzee alichukua kalamu nyekundu, akayafuta kwa mstari majibu ya wagonjwa kumi na mmoja, yote yenye sahihi yake mwenyewe. Akampelekea daktari. Kisha akatupigia simu mmoja mmoja. Mimi aliniambia hivi: "Nilisema uko mzima. Haikuwa kweli. Na Hidaya musimuguse, kosa ni yangu mi. Miezi mitatu napokea vichupa, sijauliza hata siku moja vimetoka saa ngapi."

Je, ni wangapi kati yetu tungefanya hivyo? Mimi nasema wazi, nisingeweza. Daktari alisema figo zangu zilitibiwa zikiwa ukingoni. Nimesimama mbele yenu kwa ajili ya kalamu ile.

Tangu siku hiyo vichupa vinasafiri kwenye sanduku la barafu, kila kimoja kimeandikwa saa yake, na Hidaya anapita maabara kwanza. Nadia alinuna mwezi mzima, kisha akaanza kuja yeye na chai yake getini. Na juu ya kila fomu, kabla ya nambari yoyote, kuna mstari aliouchora Mzee kwa rula: *Mgonjwa anasemaje?*

Kesho Mzee anarudi kwao Muyinga kupumzika. Mama Mwajuma, umpe chakula cha moto.

Ndani ya mkoba wangu kuna bahasha. Ni majibu ya damu ya mwisho aliyosaini kabla ya kukabidhi funguo, VS na mkojo. Yakiwa mazuri, daktari atanipunguzia vidonge tena, na safari hii iwe kweli. Yakiwa mabaya, tunaanza upya. Sijaifungua. Mzee, nakuomba uisome wewe, hapa, mbele ya watu hawa.

Mnaona, ameipokea. Hafungui. Ananitazama.

Mmemsikia? Ameniuliza kwanza.

Najisikia vizuri, Mzee. Viatu vimeingia. Wiki iliyopita nimelima mistari sita ya maharage, na Leonardi alinikuta nimemtangulia shambani. Haya, sasa fungua.

Anasema karatasi imekubaliana na mimi.

Leonardi, kaa chini, utalia nyumbani. Mheshimiwa, ndugu wageni, nawashukuru kwa masikio mliyonipa. Asante, Mzee Othmani.