Gari ya Milango Minne

Tramu ya kwenda Berchem ilikuwa imejaa asubuhi ile ya Novemba 1996. Mbele yangu Mathilde, mama wa Bukavu, alikuwa akimweleza jirani yake kwamba anashona viti vya ngozi katika kiwanda kidogo cha magari ya mbio. Jirani alikuwa Radjabu, kijana wa Bujumbura, muuza magari. Walikuwa wamejuana tangu kituo kilichopita, na kwa Waswahili wa Brussels huo ni undugu tayari.

"Patron mupya, bosi wa kiwanda, anataka tutengeneze gari ya milango ine, ya kila muntu," alisema Mathilde. "Jana ba-client ba zamani, wanunuzi wetu, walikuya ku mulango. Wanaume wazima, banalia. Banasema gari ya kila muntu itaharibu jina ya kiwanda, hawatanunua tena kwetu."

"Maman, hao ni wachache. Wananunua gari moja, basi, wanaipenda mpaka uzee," Radjabu alijibu. "Mapenzi yao hayalipi mishahara. Bila gari ya watu wote, mutafunga."

"Na tukiitengeneza, alors? Viti vya ile gari, machine ndiyo itashona. Na bale wakikimbia, nani atajua tena jina yetu?"

Radjabu alivuta miguu kumpisha abiria aliyekuwa akielekea mlangoni.

"Bon, leo wakubwa wa kiwanda wanatuita wote tusikie kama ile gari itatengenezwa," Mathilde alisema kwa sauti ya chini. "Naogopa wakisema ndiyo. Naogopa wakisema hapana."

Tramu ikasimama. Kupitia kioo tuliona wafanyakazi wamesimama nje ya geti la kiwanda; lilikuwa wazi, lakini hakuna aliyeingia.

"Ni hapa pako, maman?"

"Ni hapa," alisema, lakini hakuinuka, na mlango ulikuwa wazi ukituingizia baridi.